Anasoma vizuri, akisikiliza haelewi: tatizo si masikio

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako wa kidato cha kwanza akisoma kitabu cha Kiingereza anaelewa, ila mwalimu akianza kuongea anatoka kapa, na kama ni masikio. Nimefundisha Kiingereza shule ya kata kwa muda mrefu, nakujibu kwa ninayoyaona darasani.

Masikio tuyamalize kwanza: mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Asipoitika, mpeleke hospitali akapimwe. Akiitika, huenda si masikio, endelea kusoma hapa.

Kitabu kinamsubiri, mwalimu hamsubiri. Anayesikiliza lazima ayashike maneno kichwani huku anatafuta maana, na nafasi ya kuyashika ni finyu. Mwanasaikolojia George Miller mwaka 1956 aliikadiria kuwa vitu 7 hivi kwa wakati mmoja. Mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, mwaka 2001 akashusha hadi 4 hivi. Mtoto aliyesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili anaimaliza nafasi hiyo kwa kutafsiri neno mojamoja. Nawaona: neno limemkwama, anainama kuliandika pembeni mwa daftari, akiinua kichwa mwalimu yuko sentensi tatu mbele. Kuanzia hapo anaitikia tu na wenzake.

Ongeza woga. Anayejua akikosea atazomewa au atachapwa, akili yake yote iko kwenye kutajwa jina, na hata maneno anayoyajua hayamwingii. Hili linaniuma kuliko yote, maana tunaolitengeneza ni sisi watu wazima. Na aliyetembea kutoka mbali bila hata uji, mchana usitegemee asikilize lugha yoyote.

Ila kama una nafasi ya kushughulikia jambo moja tu, angalia anajua nini kuhusu mada kabla hajaisikia. Mwaka 1972 watafiti Bransford na Johnson waliwasomea watu maelezo ya kufua nguo, yaliyotungwa bila kutaja nguo wala sabuni. Walioambiwa mada mapema walielewa na kukumbuka zaidi. Walioambiwa baada ya kusikiliza haikuwasaidia kitu. Na hiyo ni lugha wanayoijua!

Kwa hiyo jioni muulize kesho wanasoma nini. Kama ni mzunguko wa damu, akueleze kwa Kiswahili damu inatoka wapi, inapita wapi, mapafu yana kazi gani. Usione kama unamrudisha nyuma. Ukimuelewesha hivyo, kesho anakuwa na pa kuyaweka maneno ya mwalimu.

Kisha atoe kwenye sura hiyo maneno magumu matano au sita ya Kiingereza, ayasikilize. Wengi wanayajua kwa macho tu. Ameona "muscle" kitabuni, kichwani anaisoma "muskle". Siku mwalimu akiitamka sawasawa, "masol", anaisikia kama neno geni. Kamusi nyingi za kwenye simu zina kitufe cha sauti. Abonyeze, arudie kwa sauti, wewe ukiwa pembeni na bila kumcheka.