Kwanini yai la kiumbe kwenye gemu linaonekana plastiki, na likipasuka linakuwa kioo

SWALI

Habari mtaalamu. Natengeneza gemu ya simu, mchezaji anakusanya mayai ya viumbe wa kubuni, anayalea mpaka yanaanguliwa. Natumia Blender, programu ya kutengeneza modeli za 3D. Yai la kwanza nimelipa rangi, madoa, na mwanga kwenye kingo ili lionekane la ajabu, lakini bado ni plastiki tupu. Nikilipasua ndo kabisa, vipande vinaruka kama kioo cha dirisha. Na je, kama nina viumbe kumi na mbili lazima nitengeneze mayai kumi na mbili kuanzia mwanzo? Nisaidie tafadhali.

JIBU

Salama ndugu yangu. Yai linadanganya, umbo lake ni rahisi kuliko karibu kila kitu utakachotengeneza kwenye hiyo gemu, na kwa sababu hiyohiyo kila kasoro ndogo inaonekana, hakuna pa kuificha. Ila kabla hatujagusa rangi wala mwanga kuna kitu hujaniambia kabisa: huyo kiumbe anatagia wapi, na mtoto anatokaje humo ndani? Mi naamini dizaini yote inaanzia hapo, na ukishalijibu hilo nusu ya maswali yako yanajijibu yenyewe.

Angalia wanyama wa kweli. Kasa wa baharini anafukia mayai yake mchangani, ni ya mviringo kabisa na ganda lake ni laini linabonyea. Mamba naye anafukia ila ganda lake ni gumu. Nyoka wengi wanaotaga mayai yao yana ganda la ngozingozi, na mtoto halivunji, analichana. Kuna papa wanaotaga mfuko mgumu wenye mikia mirefu ya kujishikiza kwenye mimea ya baharini, na wengine mfuko wao una ukingo uliojisokota kuuzunguka mwili wote. Pweza wengi wanatundika mayai kwa vishada ndani ya pango. Emu yai lake ni kijani iliyokoza mpaka inakaribia nyeusi, na uso wake una chengachenga. Hata ndege peke yao hawalingani, kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science mwaka 2017, walilinganisha mayai ya ndege wa aina karibu 1,400, wakakuta wale wanaoruka vizuri zaidi ndo wenye mayai yaliyorefuka au yenye ncha upande mmoja. Sasa wewe kama kiumbe wako anaishi kwenye maji halafu ukampa ganda jeupe gumu la kuku, mchezaji atahisi kuna kitu hakiendani hata kama hawezi kukitaja.

Na ukubwa usikadirie kwa macho. Chukua modeli ya mtoto, mkunje, mkia miguu na mabawa vyote, muweke ndani ya yai uone anaenea. Inachukua dakika chache na inakuokoa na ile hali ya mtoto kutoka akiwa mkubwa kuliko ganda alilotoka.

Tuje kwenye umbo. Usianze na ile tufe ya kawaida ambayo mistari yote inakutana juu na chini, pale kwenye ncha teksicha, yaani picha inayovalishwa juu ya modeli, inajikunja na utahangaika nayo mpaka mwisho. Anza na mchemraba, ugawe mara 3 au 4, ufanye tufe, ndo uanze kuuvuta. Yai la kuku upana wake ni kama robo tatu ya urefu, na sehemu nene kuliko zote haiko katikati, imesogea kuelekea upande butu. Wanaoanza wengi wanavuta nukta ya juu tu na kuacha tumbo lilipo, wanapata tone la maji. Vuta nusu nzima kwa pamoja, taratibu, ukiangalia kivuli chake cheusi pembeni, yaani zima rangi zote uangalie umbo tupu. Kama kivuli peke yake hakisemi yai, rangi haitakusaidia.

Sasa plastiki. Kinachofanya jicho liseme plastiki ni mng'ao ulio sawa uso mzima. Ganda la yai la ndege ni madini, zaidi ya asilimia 90 ni kalsiamu kaboneti, na lina vitundu maelfu vya kupitisha hewa maana mtoto anapumua humo ndani. Kwahiyo weka ramani ya matuta yenye vishimo vidogo sana, vidogo kuliko unavyodhani, halafu ile rafunesi, yaani kipimo cha ukwaruzo wa uso unaofifisha mng'ao, usiiache namba moja, icheze kati ya 0.45 na 0.65 kufuata noizi, yaani mchoro wa nasibu unaotengenezwa na kompyuta. Noizi ya Perlin inatosha kabisa kwa kazi hii, ipo tangu miaka ya 1980 na Ken Perlin alipewa tuzo ya kiufundi ya Oscar kwa ajili yake mwaka 1997, na mpaka leo bado ndo ya kwanza kufikiriwa ukitaka uso usiofanana kila mahali.

Madoa nayo nadhani umeyatawanya sawasawa kila upande, karibu kila mtu anafanya hivyo. Kwenye mayai mengi ya ndege madoa yanajaa zaidi upande butu, mara nyingine yanafanya pete kabisa, kwasababu rangi inapakwa yai likiwa bado linapita ndani ya mama. Na likiwa linazunguka wakati rangi inapakwa unapata michirizi na mikwaruzo badala ya madoa. Kwahiyo doa linasema kitu kuhusu safari ya yai, siyo pambo tu. Yafanye baadhi yafifie kama yako chini ya ganda na mengine yakolee juu, tabaka mbili, hapo peke yake utaona tofauti kubwa. Rangi za mayai ya ndege zote zinatokana na pigimenti mbili kuu, moja inaleta kahawia na wekundu, nyingine bluu na kijani. Wewe viumbe wako ni wa kubuni, huna haja ya kufungwa na hizo mbili, lakini ile tabia ya kutumia rangi chache kwa viwango tofauti iibe, inafanya familia nzima ya mayai ionekane ya dunia moja.

Mwanga wa kwenye kingo, ndugu yangu, utoe. Huo ndo unaokuharibia kuliko vyote. Umeshawahi kuona mtu akimulika yai kwa tochi gizani kuangalia kama lina kifaranga? Mwanga unapita kwenye ganda, katikati panang'aa rangi ya chungwa na wekundu, unaona mishipa, unaona ile nafasi ya hewa upande butu, na kivuli cha mtoto kinasogea. Sasa angalia kingo zake: ni nyeusi zaidi kuliko katikati, kwasababu pale pembeni mwanga unalazimika kupita ndani ya ganda kwa mshazari, njia inakuwa ndefu, unapungua. Wewe umefanya kinyume, kingo zinawaka na katikati pamekufa, na huo ni mwonekano wa povu la sabuni au mpira wa kuchezea. Geuza tu hesabu ileile uliyotumia, katikati iwake, pembeni pafifie. Kwenye simu usijaribu kukokotoa mwanga unaopenya kwa kweli, ni mzito, chora teksicha ya mishipa na kivuli cha mtoto halafu uisogeze polepole nyuma ya rangi ya ganda. Hii mbinu ya kivuli kinachocheza ndani ina nguvu ajabu. Kwenye filamu ya Alien ya mwaka 1979, kile kinachofurukuta ndani ya yai ni mikono ya mwongozaji mwenyewe, Ridley Scott, akiwa amevaa glavu za mpira, mwanga ukitokea nyuma. Mikono miwili na taa, na watu bado wanaogopa.

Haya, kupasuka. Nahisi umetumia ile zana ya kugawa modeli vipande halafu ukaviachia fizikia, vikalipuka pande zote kwa wakati mmoja. Kioo kinafanya vile kwasababu hakuna kinachoshikilia vipande vyake. Yai lina utando ndani, ule mweupe unaouona ukimenya yai, na ule utando ndo unaoshika vipande hata ganda likishavunjika. Kifaranga anagonga sehemu moja, karibu na upande butu ambako kuna hewa, kwa kile kijino kidogo kilicho juu ya mdomo wake. Panatokea ufa wa nyota mdogo. Kisha anapumzika, kwa kuku inaweza kuwa saa nyingi tu. Halafu anaanza kujizungusha ndani huku anagonga, ufa unafuata mzunguko, mpaka kofia nzima ya upande butu inainuka kwa kusukumwa. Ukifuata mpangilio huo huhitaji fizikia karibu kabisa. Unagawa vipande mwenyewe: vidogovidogo kwenye mkanda wa ufa, vikubwa kwingine kote, na kofia inabaki kipande kimoja au viwili. Vile vya mkandani vizungushe kwenye ukingo wao kama mlango kwenye bawaba, vinafunguka na kubaki vinaning'inia, vichache tu ndo vidondoke. Afu vipe unene. Ganda la mbuni lina kama milimita 2 kwenye yai la urefu wa sentimita 15 hivi, ukiweka kipimo hicho halisi kwenye skrini ya simu hakitaonekana, kwahiyo ongeza mara mbili au tatu, ni uongo wa halali.

Kuna jambo moja dogo hapo watu wengi wanalikosa. Kwenye yai la kuku la kahawia rangi iko juujuu tu, ukivunja ndani ni peupe. Lakini yai la kuku la bluu, bluu imeingia mpaka ndani. Kwahiyo ukivunja yai la kiumbe wako amua: ukingo uliovunjika una rangi gani? Ukiupa rangi tofauti na uso wa nje mchezaji anaona ganda ni kitu chenye tabaka, na hisia ya plastiki inayeyuka hapohapo. Kama kiumbe ni wa ganda la ngozi sahau haya yote ya vipande, huyo anachana mstari mmoja au miwili, kingo zinalegea na kukunjamana, na yai linasinyaa hewa ikitoka.

Hujaniuliza kuhusu kutikisika ila nitalisema maana ndo linatangulia kupasuka. Yai likilala ubavu na ukalizungusha kwa kutumia katikati yake bila kulisogeza, linateleza pale pale kama limepakwa mafuta, na jicho linakataa. Linabidi libingirike. Hesabu yake ni rahisi, umbali wa kusogea ni nusu kipenyo mara pembe kwa radiani. Yai lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 likiinama nyuzi 20, ambazo ni kama 0.35, linasogea sentimita 3.5. Funga hiyo kwenye rigi, yaani mfumo wa kuendeshea mwendo wa modeli, mara moja usiifikirie tena. Na kwa mpangilio wa muda, kwa fremu 24 kwa sekunde, pigo kutoka ndani liwe fremu 2 au 3 tu, kisha litulie kwa kuyumba kunakopungua kwa fremu 10 au 12. Halafu kimya. Kimya kirefu, sekunde nzima au zaidi. Wengi wanalitikisa yai mfululizo bila kupumua na linakuwa simu inayoita kwa mtetemo, hakuna mtu humo ndani. Mtu anayesubiri pigo la pili ndo anaamini kuna kitu kilicho hai. Na ganda gumu usilibane na kulivuta kama mpira, labda kama staili yako yote ni ya katuni laini, hapo sawa.

Kuhusu kumi na mbili, hapana, usitengeneze kumi na mbili. Tengeneza familia tatu, gumu, la ngozi, na la majini, kila moja na modeli yake, halafu ndani ya familia badilisha urefu, unene, na namba za materiali moja, yaani mpangilio wa mwonekano wa uso: rangi mbili, ukubwa wa noizi, wingi wa madoa upande butu, mng'ao. Ila kabla ya hapo amua kama mchezaji anatakiwa kujua ndani kuna nani. Kwenye Pokémon tangu mayai yaingie na Gold na Silver mwaka 1999 karibu yote yanafanana, furaha ni kushtukizwa. Kwenye Monster Hunter Stories ni kinyume, michoro ya ganda inakuambia kiumbe, na kuisoma ni sehemu ya mchezo. Zote ni sahihi, ila huwezi kukaa katikati. Kwa gemu ya kukusanya kama yako mi ningechagua ya pili, na hapo hakikisha mayai yanatofautishika kwa umbo na mchoro, siyo rangi peke yake, kuna wachezaji wasioona tofauti ya nyekundu na kijani.

Uzito wa modeli usikutishe. Mchemraba uliogawanywa mara 3 ni pande 384, unatosha kwa mayai yaliyojipanga kiotani kwa mbali. La karibu ligawe mara 4, zinakuwa 1,536. Lile lililokatwa vipande liweke pembeni, liingie badala ya zima kwenye fremu ileile ya pigo la kwanza linaloacha ufa, yai likiwa bado linayumba, maana pale macho yanafuata mwendo na hakuna atakayeona umebadilisha.