Kabla ya Kuilaumu Git, Jiulize ni Nani Aliyekisoma Kile Kinyota

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekereka. Aliandika `git rm --cached *.log` akitarajia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, iache kufuatilia faili zote za log (kumbukumbu za matukio) katika mradi wake, lakini iliyoondoka ni `server.log` peke yake, iliyokuwa katika folda ya juu. Zile zilizomo ndani ya folda ndogo hazikuguswa. Anauliza kama Git yake ina hitilafu.

Haina hitilafu yoyote, na swali lake limenigusa mahali ambapo, nikisema kweli, bado pananiuma.

Katika kazi niliyokuwa nayo zamani tulikuwa na mwongozo wa kuandaa toleo jipya, na mmojawapo wa mistari yake ulikuwa `git add *.sql`, unaoiambia Git iandae faili za `.sql` ziingie katika historia ya mradi. Niliufuata neno kwa neno, na faili zote za aina hiyo zikaingia, hata za majaribio zilizokuwa ndani kabisa ya folda ndogo. Kiongozi wa timu alipoendesha mstari ule ule kwenye kompyuta yake, ikaingia faili moja tu. Akatangaza mbele ya wenzangu kwamba sikuufuata mwongozo, bali nilitunga amri yangu kisha nikausingizia. Hakuna aliyenitetea, ingawa wawili kati yao walikuwa wameketi karibu yangu na waliiona amri niliyoandika.

Niliketi na kompyuta yangu hadi nikapata jibu. Kinyota kile (`*`) kina wasomaji wawili, na wa kwanza si Git. Wa kwanza ni sheli, yaani programu inayopokea unachoandika kwenye terminali. Bash, ambayo ni mojawapo ya sheli, hukitazama kinyota kwanza, ikatafuta faili zinazolingana katika folda uliyopo tu, na ikizipata huweka majina yake mahali pa kinyota kabla Git haijaanza kazi. Kwenye kompyuta ya kiongozi kulikuwa na `jaribio.sql` katika folda ya juu, kwa hiyo amri iliyoifikia Git ilikuwa `git add jaribio.sql`. Kwangu folda ya juu haikuwa na faili ya aina hiyo, na bash isipopata kitu, kwa mipangilio yake ya kawaida, huipitisha ruwaza, yaani maandishi yenye kinyota, kama ilivyo. Git ikaipokea `*.sql` yenyewe, na kwa Git kinyota kinachotolewa namna hiyo hakizuiwi na mkwaju (`/`) unaotenganisha folda, kwa hiyo kinashika kila folda iliyo chini ya ile uliyopo. Laiti mmoja wetu angekuwa anatumia zsh, sheli nyingine, bila faili ya aina hiyo katika folda ya juu, amri ingekataliwa papo hapo, kwa sababu zsh hukataa ruwaza isiyolingana na chochote.

Siku iliyofuata niliunda faili tupu ya `.sql` katika folda ya juu, nikairudia amri wote wakitazama, na ikaingia faili ile tupu peke yake. Kiongozi akasema tusipoteze muda kwa mambo madogo. Hakuniomba radhi, na mwongozo ulirekebishwa kimyakimya baadaye kwa kuongezwa alama mbili za nukuu.

Alama hizo ndizo ninazokuomba uzizoee. Ukiandika `git add "*.sql"`, sheli haikigusi kinyota na Git ndiyo inayokisoma, kwa hiyo matokeo hayategemei tena faili iliyosahaulika katika folda fulani. Ninapendekeza nukuu zile za mistari miwili miwili kwa sababu cmd ya Windows haitambui zile za mstari mmoja kuwa nukuu. Ukitaka kinyota kiishie katika folda moja, andika `":(glob)*.sql"`. Na kabla ya kufuta au kuongeza chochote, weka `-n` ili uone kitakachotokea bila kutokea. Ukitaka kujua sheli imefanya nini, tanguliza `echo` mbele ya amri nzima, nayo itakuonyesha maneno yale yale ambayo Git ingepokea. Watu wanaojiita mahiri huona hatua hizi ni za wanaoanza. Mimi nimewaona hao mahiri wakifuta wasichokusudia, na sikuwahurumia sana.

Usidhani kanuni hiyo inahamia kila mahali. Ndani ya `.gitignore`, faili inayoiambia Git vya kupuuza, kinyota hakivuki mkwaju, ila ruwaza isiyo na mkwaju, kama `*.log`, hutumika katika folda zote zilizo chini yake. Mercurial, chombo kingine cha kazi kama ya Git, nayo ina desturi zake: katika amri, `glob:*.sql` huishia kwenye folda uliyopo na `glob:**.sql` ndiyo hushuka chini, ilhali `.hgignore`, faili yake ya vya kupuuza, husomwa kama semi za regex (namna nyingine ya kuandika ruwaza) mpaka uandike `syntax: glob`. Anayehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine na asome ukurasa wa msaada kwanza. Uvivu wa kusoma ndio ulionifanya mimi niitwe mwongo.

Sasa nimrudie msomaji wangu. Nenda katika folda ya juu ya mradi, andika `git rm -n --cached "*.log"` na usome orodha yote. Ikiwa ni sahihi, rudia bila `-n`, kisha ongeza `*.log` katika `.gitignore`, maana kuiandika humo peke yake hakuiachishi Git faili ambayo tayari inaifuatilia. Faili zitabaki kwenye diski yako, lakini wenzako watakapovuta mabadiliko hayo zitafutwa kwao, kwa hiyo waambie kabla hujayasukuma. Ikitokea faili bado inapuuzwa au haipuuzwi kinyume na matarajio yako, `git check-ignore -v` ikifuatwa na jina la faili itakutajia ruwaza iliyoamua, faili iliyomo na namba ya mstari wake.