"Akanusha habari za uongo": kosa liko wapi?

Swali: Nasoma taarifa ya habari ya Kiswahili redioni hapa Mbale. Mwanasiasa akikataa jambo lililoandikwa gazetini, huwa tunasema, "Mheshimiwa akanusha habari za uongo." Mwenzangu ananiambia tunakosea. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli. Sarufi ni safi, lakini "za uongo" ni hukumu, na katika sentensi yako anayeitoa ni wewe msomaji. Mheshimiwa amekanusha tu, wala hajathibitisha lolote. Sema, "amekanusha habari kwamba amechukua ardhi ya kijiji," au, "amedai kuwa habari hizo ni za uongo." Kitenzi "dai" kinamwachia mzigo wa maneno yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu Uganda neno hilo limewahi kuwafikisha watu kizimbani. Mwaka 1997 Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la Monitor walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo, kisa ni habari kwamba Uganda ililipwa dhahabu na Kongo. Waliachiwa, lakini wakaendelea kuipinga sheria yenyewe, na Februari 2004 Mahakama ya Juu ikakibatilisha kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu. Majaji walikataa hoja kwamba usemi hupoteza ulinzi wa Katiba kwa sababu tu mtu mwingine anauona si wa kweli.

Tangu hapo lawama imezidi kuhama kutoka kwenye habari hadi kwa anayeitoa. Januari 2017 Donald Trump alimwambia mwandishi wa CNN kwamba wao ndio habari za uongo. Ukisikia kauli ya namna hiyo studioni, uliza: ni sentensi gani katika habari hiyo isiyo kweli?

Kiswahili kina maneno ya kutosha kujibu swali hilo. Mwandishi aliyekosea tarehe amefanya kosa. Jambo lisilothibitishwa ni uvumi, nalo laweza kuja kuwa kweli. Lililobuniwa tangu mwanzo ni uzushi. Kauli iliyokatwa ikageuzwa maana ni upotoshaji. "Feki" ibaki kwa vitu vya kughushi, kama barua yenye muhuri wa bandia au akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mwingine.

Na uongo ukithibitika, utamke bila woga, pamoja na aliyeuthibitisha na jinsi alivyouthibitisha.