Ukisikia "table" kwenye kikao, usikimbilie kutafsiri

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya ukalimani, kuna neno la Kiingereza naomba mlijue mapema, maana linaonekana jepesi: "table" likitumika kama kitenzi.

Sisi tuliosoma Kiingereza cha Uingereza tunalijua kwa maana moja. Tazama orodha ya shughuli za Bunge la Tanzania, utakuta "Hati za Kuwasilisha Mezani". Taarifa ikishawekwa mezani, imeingia rasmi bungeni. Mmarekani naye ana meza hiyohiyo kichwani, ila kwake maana yake ni: liache hapo mezani, tuendelee na mengine. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, hoja ikiwekwa mezani kwa kura, kwa kawaida ndiyo imekufa.

Hata wenye lugha yao hukwama hapa. Desemba 1941, Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipokwenda Washington kupanga vita na Wamarekani, maofisa wa pande mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya hati moja. Waingereza walitaka kui-"table" kwa kuwa ni ya haraka. Wamarekani wakapinga, maana kwao hiyo ilikuwa kuiweka kando. Kumbe wote walitaka ijadiliwe! Churchill mwenyewe alisimulia kisa hicho katika kumbukumbu zake.

Mimi lilinikuta kwenye kikao cha mtandaoni cha mradi wa maji. Mfadhili, Mmarekani, alisema "let's table the budget", nami nikatafsiri "tuwasilishe bajeti". Mama mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa ameshafunua daftari, kidole kiko kwenye bei ya mabomba, akaanza kusoma. Mara akaambiwa bajeti si ya leo. Alifunga daftari taratibu, akijua amekatwa kauli mbele ya watu wake. Kosa lilikuwa langu, na nilimwomba radhi palepale.

Kwa hiyo sikilizeni yanayofuata neno lenyewe. Likifuatwa na "until next week", jambo limewekwa kiporo. Likifuatwa na "before the House", linawasilishwa. Pasipo dalili, muulize msemaji kabla hujafungua mdomo: tunalijadili sasa au baadaye? Hakuna aibu kuuliza. Mkalimani anayeuliza huaminiwa zaidi.

Na mnapoandika Kiingereza chenu wenyewe, "submit" na "postpone" zipo. Kwenye barua zangu, "table" sijaiandika tena tangu siku ile.