Gunia Kwanza, Kitanda cha Kufumia Baadaye

Siku yangu ya kwanza shambani Kinangop nilifika na daftari la michoro na kalamu za rangi nne. Zulia nitakalofuma nilikuwa nimekwisha kulichora, pindo nyekundu na mlima katikati. Shosho, bibi mzee aliyekuwa akitufundisha, alilitazama daftari, akalisifu, kisha akanikabidhi gunia la manyoya machafu na kunielekeza kwenye meza ya waya nyuma ya zizi. Nilikaa na gunia lile siku mbili. Kitanda cha kufumia sikukigusa hadi wiki ya tatu, na nilidhani naadhibiwa kwa kosa nisilolijua. Sasa wanagenzi wanakuja kwangu, nami nawapa gunia vilevile. Nyuso zao hunywea kama wangu ulivyonywea.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kuja, kabla hujatuma ada ya mafunzo mahali popote, uliza kwanza: kondoo wenu ni wa aina gani? Si kila kondoo ana sufu. Kondoo mwekundu wa Wamaasai ana nywele tu. Dorper alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama, na manyoya yake ni mchanganyiko wa nywele na sufu ambao hupukutika wenyewe. Mimi niliwahi kununua magunia mawili kwa jirani, kwa furaha na bila kuuliza. Yalikuwa ya Dorper. Nilihangaika nayo mwezi mzima nikiilaumu mikono yangu, mpaka mwenye kujua alipokuja akachezesha kidogo kwenye vidole na kucheka.

Unayemtaka ni Corriedale, au chotara wake, kwenye nyanda za baridi: Nyandarua, Molo, Mau Narok, na kule pembeni mwa Mlima Kenya kuelekea Nanyuki na Timau. Corriedale alipatikana kwa kupandisha Merino na Lincoln huko New Zealand na Australia. Sufu yake ni ndefu kiasi na si nyembamba mno, inamvumilia mtu ambaye vidole bado ni vigumu. Merino ni laini na inapendeza, lakini nyuzi zake ni nyembamba mno, zinateleza, na zinashikamana kwa uzembe mdogo tu wakati wa kuosha. Iache mwaka wa kwanza. Na usishangae ukiona mashamba ya sufu ni machache kuliko wazee wanavyosimulia. Australia ilipoacha kushikilia bei ya sufu mwaka 1991, bei ya dunia ilianguka, na mkulima wa huku anayelipwa pesa kidogo kwa manyoya ya mwaka mzima ana sababu nzuri ya kuhamia kondoo wa nyama.

Jambo lingine, kwa kuwa utaulizwa na kila mgeni. Zile nyuzi za rangi kali za kufumia vitambaa vya kochi, ambazo sote tunaziita sufu, nyingi si sufu bali ni akriliki. Choma ncha kidogo. Sufu hunuka kama nywele iliyoungua, hujizima yenyewe, na majivu yake husagika ukiyabana. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Unyoaji nitaupitia haraka, kwa sababu hutaruhusiwa kushika mkasi juu ya kondoo hai kwa muda, na ni vizuri hivyo. Kazi yako itakuwa kumshika na kutazama. Kondoo asile usiku wa kuamkia kunyolewa, maana akikalishwa kitako na tumbo limejaa anateseka. Manyoya yawe makavu kabisa, yakiingia guniani na unyevu yatapata joto na kuoza. Mtazame fundi anavyopita sehemu moja mara moja tu. Akirudia pale pale, anakata vipande vifupi ambavyo baadaye vitakuwa vinundu kwenye uzi wako, na hakuna kipaji kitakachoviondoa. Halafu gunia lenyewe: usitumie la plastiki lililochakaa. Nyuzi zake zinajichanganya na sufu, hazishiki rangi, na utaziokota moja moja hadi zulia linakamilika. Tumia mfuko wa kitambaa, hata shuka kuukuu.

Kuna sheria moja ambayo shosho hakuwahi kuitania. Kondoo aliyekufa ghafla haguswi manyoya, hata kama ni mazuri namna gani. Kimeta hukaa kwenye manyoya na ngozi. Huko Bradford, Uingereza, katika karne ya 19, wachambuaji wa sufu walikufa kwa kimeta cha mapafu hata ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa wachambua sufu. Mwite daktari wa mifugo. Na kabla ya kuja, hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Sasa lile gunia.

Manyoya ya kondoo mmoja yakitandazwa vizuri mezani yanabaki kipande kimoja, kama koti lililofunguliwa. Nilipewa kazi ya kulisoma koti hilo. Mabegani ndiko kuzuri kuliko kote: laini, refu, sawasawa. Ubavuni kunafuata. Mgongoni kumepigwa jua na mvua na kumejaa vumbi na majani. Mapajani ni kugumu, kunafaa zulia la mlangoni. Tumboni ni kufupi na kuchafu, na nyuma ya mkia unajua mwenyewe kuna nini. Pembe za koti zote zinatupwa kwenye mboji bila huruma. Mwanagenzi huona huruma, anasema "lakini hii itaosheka." Haitaosheka. Ikiosheka itakuwa imechafua maji ya sufu nzuri.

Kisha vuta kishungi kimoja, kishike ncha mbili, kipeleke sikioni na ukikaze kwa mkupuo. Kikilia kama uzi wa gitaa, kizima. Kikitoa mlio wa kuchanika, kuna mahali kimedhoofika. Nilikuwa nimefanya hivi mara mia hivi bila kuelewa, ndipo shosho akaniwekea vishungi vitatu vya kondoo mmoja, vyote vimekatikia umbali uleule kutoka kwenye ncha. "Hapa aliumwa," akasema, kama mtu anayesoma barua. Ni kweli. Kondoo akiugua au akikosa malisho, sufu inayoota siku hizo huwa nyembamba, na kasoro hiyo hubaki pale mpaka mkasi. Kiangazi kikali utakishika kwa vidole vyako. Uzi wa sufu hiyo utakatika hata usokotwe na nani, na ndiyo maana nakuambia usikimbilie kitanda: lawama nyingi zinazotupiwa mikono ya mfumaji ni za meza ya waya.

Kuosha. Hapa ndipo nilipoharibu.

Utaratibu ni rahisi kuueleza. Loweka kwanza usiku mzima kwenye maji baridi ya mvua. Jasho la kondoo lina chumvi za potasiamu ambazo zikiyeyuka hufanya kazi kama sabuni, hivyo uchafu mwingi hutoka bure, na maji hayo ya kahawia yamwagie kitunguu na sukumawiki. Siku ya pili chemsha maji yafike nyuzijoto 60 hivi, mkono uingie na kutoka haraka, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, zamisha sufu taratibu na uiache. Iache! Usisugue, usikoroge. Itoe kabla maji hayajapoa, maana mafuta yaliyotoka yatairudia. Suuza kwa maji yenye joto linalokaribiana na lile la kwanza.

Mimi niliona maji yanapoa, nikamimina birika la maji yanayochemka juu ya sufu, kisha nikakoroga kwa mwiko kama ugali. Unywele wa sufu una magamba madogo. Joto, sabuni na mtikisiko huyafanya yanasane, na yakinasana hayaachani. Nilitoa kwenye karai kitu kama kipande cha godoro. Kilo 3 za kondoo mmoja, kazi ya mwaka mzima ya mnyama yule, dakika tano. Hakuna aliyenigombeza. Tulikikata tukatengeneza soli za ndani za gumbuti, na zilikuwa nzuri ajabu kwa Julai ya Kinangop. Kuna watu ambao hufanya hivyo makusudi, Wamongolia hufunika mahema yao kwa sufu iliyogandishwa kwa maji na mtikisiko. Wao wanakusudia.

Ukiona madoa yaliyobaki usije ukafikiria jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Dawa hiyo huiyeyusha sufu, kabisa, inabaki rojo. Rangi ya maziwa iliyochuja ndiyo weupe wa sufu, ridhika nayo. Anika kivulini juu ya wavu, hewa ipite chini na juu. Na usiogope ukiipima tena: kilo 3 zikibaki 2, au pungufu, hujaibiwa. Yaliyoondoka ni mafuta, jasho na vumbi.

Kuchana kwa vibao vyenye meno ya waya kunachosha mabega na hakuna la ziada la kusema, ila hili: weka sufu kidogo kuliko unavyodhani. Kisha punguza tena.

Kusokota utaanza kwa pia, kijiti chenye kigurudumu cha mbao chini na ndoana juu. Kuna gurudumu la kusokotea shambani lililoundwa kwa rimu ya baiskeli, kila mtu hulitamani, lakini gurudumu linakwenda kasi kuliko akili ya mwanagenzi. Pia inakusubiri. Izungushe, ibane katikati ya magoti, na ikishatulia hapo ndipo uvute sufu iwe nyembamba na uruhusu msokoto upande. Mambo mawili kwa zamu, si kwa pamoja. Baada ya siku tatu nne mikono itayaunganisha yenyewe bila kukuomba ruhusa. Nimeona kwamba wanaojifunza haraka ni wale waliowahi kukaa na mama au nyanya wakisokota nyuzi za kiondo kwenye paja. Hawajui kwamba wanajua.

Ukisokota kwa kuzungusha kulia, nyuzi mbili unazipota pamoja kwa kuzungusha kushoto. Misokoto miwili inavutana na uzi unatulia. Ukisahau na kuzungusha upande uleule, utapata uzi unaojikunja kama nyoka aliyekanyagwa. Uloweke uzi uliopotwa kwenye maji ya vuguvugu, ukung'ute, utundike ukauke. Uzi wako wa kwanza utakuwa na vinundu. Usiutupe na usiufumue, utakusaidia zaidi kwenye mshindio, yaani nyuzi zinazopita upande kwa upande kitandani, kama utakavyoona.

Rangi ni siku ambayo kila mtu anafurahi, kwa hiyo nitakupoza kidogo. Sufuria ya rangi haipikiwi chakula tena, hata ioshwe vipi. Sufu huchemshwa kwanza na shabu (alum), gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu. Shabu ndiyo inayoshikisha rangi, na kuongeza shabu hakuongezi rangi, kunaifanya sufu inate. Maganda ya vitunguu hutoa dhahabu inayoelekea chungwa. Mubangi, lile gugu linalonuka shambani ambalo kila mkulima wa Nyandarua amelilaani, hutoa manjano safi, na napenda kwamba kuna mahali linapendwa. Kokwa za avokado hutoa waridi hafifu. Misumari yenye kutu ikilowekwa, maji yake huitia giza rangi yoyote, lakini mengi huifanya sufu iwe ngumu na kukatika. Pasha moto polepole, na iache ipoe humo humo hadi asubuhi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: chukua kipande, funika nusu yake kwa karatasi ngumu, kitundike dirishani mwezi mzima. Ukifunua utajua ni rangi gani unaweza kumuuzia mtu na ipi ni ya kujifurahisha.

Kitanda chenyewe, ulichokuja kukitafuta, nakupa ushauri mmoja na kasoro moja. Ushauri: mtande wako wa kwanza, yaani nyuzi zinazotangulia kutandwa kwa urefu kitandani, uwe wa uzi wa pamba, mgumu, wa dukani. Mtande hukazwa na kusuguliwa siku nzima, uzi wako wenye vinundu hautafika mwisho. Utumie kwenye mshindio, ambako vinundu vinaonekana kama umevikusudia. Kasoro: zulia lenye kiuno. Mwanagenzi huvuta mshindio ukaze, kila mstari unabana kidogo, na zulia linaanza sentimita 60 na kufika katikati likiwa 52. Ulaze mshindio kwa upinde, kama kilima, kabla ya kuugonga chini. Pima upana kila baada ya mistari kumi. Langu lina kiuno cha nyigu na liko chini ya kitanda changu cha kulalia mpaka leo, pindo nyekundu na yote.

Mwisho kuna daftari, siyo lile la michoro. Tangu siku ya gunia andika saa: kuchambua saa ngapi, kuosha, kuchana, kusokota, kufuma. Kusokota kutakula saa nyingi kuliko kufuma, na hakuna mnunuzi anayejua hivyo. Mimi sikuandika. Zulia la pili lilipopata mnunuzi, bwana mmoja kutoka Nairobi, aliniuliza bei na nikataja iliyonijia mdomoni. Alilipa bila kubisha hata shilingi moja. Gari lilipotoka langoni, shosho akaniuliza nimeuza ngapi. Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akaendelea kusokota, kisha akasema hiyo ni pesa ya sufu tu, tena haijaoshwa.