Perege tuliowarudisha majini mbona wanaelea?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina bwawa la perege hapa Usa River. Jumapili wageni kutoka Arusha mjini huja kuvua kwa kujifurahisha. Wakubwa wananunua, wadogo tunawarudisha. Wakiachiwa wanaogelea vizuri tu, ila Jumatatu nakuta kadhaa wanaelea. Nimewakataza wageni kuwaminya, wapi! Nifanyeje?
Mama mwenye bwawa

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hujawalaumu wageni, mpasue mmoja wa hao waliokufa. Ukikuta koo au matamvua yamechanika na damu imevilia, muuaji ni ndoano uliyowagawia wewe. Kama hana jeraha, na alfajiri samaki wote wanatweta juu ya maji, hilo ni tatizo la hewa bwawani, niandikie tena.

Mimi nashuku ndoano, zile ndogondogo za kawaida zinazovikwa nyungunyungu. Mgeni anapochezea simu, perege kashameza kila kitu. Nunua za mviringo, ambazo ncha imekunjwa kuelekea ndani. Samaki akiondoka nayo, mara nyingi huteleza kooni bila kunasa, ikashika pembeni mwa mdomo. Ila mgeni asikurupuke kuvuta. Anyanyue fimbo taratibu, mshipi ukaze wenyewe. Kisha kile kijino cha nyuma ya ncha kibane kwa koleo kilale, ndoano itoke bila kuchana. Wachache watachomoka na wageni watanung'unika. Waache wanung'unike.

Iliyomezwa usiivute kabisa. Kata mshipi karibu na mdomo; samaki huishi mara nyingi zaidi akiachiwa nayo kuliko akichanwa koo.

Mshipi usiwe mwembamba mno, vuta nikuvute ndefu humchosha samaki. Na wavu wa nailoni wenye mafundo hukwangua ute unaomkinga na ukungu, kwa hiyo tafuta laini usio na mafundo, ndoano itolewe wavu ukiwa bado majini. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1992 uliwapima samaki aina ya trauti: kati ya waliochoshwa tu walikufa kama 12 kwa 100, waliochoshwa kisha wakawekwa hewani sekunde 60, walikufa 72 kwa 100. Perege ni mgumu kuliko trauti, lakini hizo picha za wageni wako, mama, zinaisha kwa sekunde 60 kweli?

Kama fedha ni kidogo, anza na ndoano na koleo. Wavu ununue mwezi ujao.