Ukuta wa kijivu-kahawia ukigeuka zambarau usiku

SWALI: Nimepaka sebule rangi nzito ya kijivu inayoelekea kahawia. Mchana inapendeza, lakini jioni nikiwasha taa inavuta zambarau, na ukuta wenye dirisha unaonekana mchafu hata mchana. Dari ni nyeupe pe. Fundi anasema tupige mkono wa tatu, mume wangu anataka turudi kwenye krimu. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, kwa sasa usimsikilize yeyote. Mkono wa tatu ni wa kuziba mabaka pale rangi ya chini inapochungulia. Kama miwili imefunika vizuri, wa tatu utakupa rangi ileile na gharama juu.

Kijivu-kahawia ni mchanganyiko: ndani ya nyeupe huwa kuna nyeusi, manjano ya udongo na mara nyingi nyekundu kidogo. Mwanga ndio unaoamua ipi ijitokeze. Balbu yenye mwanga mweupe unaovuta bluu huififisha manjano. Nyekundu inabaki na ubluu wa taa, na hapo ndipo zambarau inapozaliwa. Soma maandishi kwenye shingo ya balbu. Ukikuta 6500K, mchawi umempata (K ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba kubwa huvuta bluu, ndogo huvuta manjano). Weka za 2700K hadi 3000K, zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) ya 90 kwenda juu, na ubadilishe zote za chumba hicho kwa mpigo. Rangi nzito hunywa mwanga, kwa hiyo taa mbili tatu za mezani au za pembeni zitakufaa kuliko balbu moja kali katikati ya dari.

Ukuta wa dirisha hauna ugonjwa. Wenyewe haupigwi na mwanga wa nje moja kwa moja, halafu unautazama huku macho yamejaa weupe wa dirisha. Kioo kikubwa cha kujitazamia kwenye ukuta ulio mkabala nao kitaurudishia mwanga kiasi.

Dari nayo inachangia. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, alilalamikiwa kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akakuta nyuzi ni nzima, kinachoziponza ni rangi zilizokaa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839. Vivyo hivyo, nyeupe kali huifanya kahawia ionekane tope. Ipake dari nyeupe iliyotiwa manjano kidogo tu. (Mimi ningeifanyia hivyo hata kama balbu zingekuwa sawa.)

Zambarau ikigoma baada ya hapo, ndipo ubadilishe rangi, uchague inayoegemea zeituni badala ya wekundu. Usijaribie juu ya ukuta wa sasa, utakudanganya. Paka mikono miwili kwenye kadibodi kubwa, iache ikauke kabisa kwani rangi ya maji ikikauka kwa kawaida hukolea, kisha bandika karatasi nyeupe pembeni: ule uzambarau au ukijani uliojificha utauona mara moja. Ihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi, jioni, na usiku taa zikiwaka. Chukua rangi isiyong'aa, inayong'aa itaanika kila kovu la plasta, ingawa ni rahisi kufuta.

Na hiyo krimu ya mume wako, chini ya balbu za 6500K itapauka tu, kwa hiyo balbu zinabadilishwa vyovyote mtakavyoamua.